Mama anaficha dawa ya sonona, nikaitoa siri yake

Shikamoo daktari,

Naishi Tanga na mama yangu mzazi, mwenye miaka 63. Alipotoka eda ya baba hakuwa yule tena: hali, halali, anashinda barazani akitazama njia. Hospitali wakamwanzishia fluoksetini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya wiki kadhaa akashika tena ukili wake, akaanza kusuka.

Lakini hataki mtu ajue. Mtaani kwetu hizo ni "dawa za vichaa". Vidonge anavifunga kwenye pindo la khanga, na kadi ya kliniki kaificha chini ya godoro.

Mwezi uliopita kiuno kilimshika, akaenda mwenyewe duka la dawa. Aliulizwa kama ana dawa nyingine anayotumia, akajibu hana. Akapewa tramadoli. Kesho yake jioni nikamkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili na bado kinagonga kisahani. Jasho limelowesha khanga, anaharisha, hatulii hata kidogo. Nikajua malaria. Hospitalini kipimo kikasema hakuna. Daktari wa zamu akauliza dawa zote anazomeza. Mama akanitazama. Nikazitaja.

Akatueleza kuwa dawa zote mbili huongeza serotonini, kemikali ya ubongoni, na zikikutana inaweza kuzidi hadi mtu apate degedege. Tramadoli ikasimamishwa, akalazwa siku mbili.

Hadi leo mama hanisemeshi vizuri, na mimi roho inaniuma, ingawa ningerudi pale ningesema tena.

Sasa kiuno bado kinauma. Jirani kamletea diklofenaki, nimeikatalia kwa sababu tuliambiwa jamii hiyo ya dawa, na ibuprofeni na aspirini, zikienda pamoja na fluoksetini zinaweza kumtoa damu tumboni. Parasetamoli peke yake itamtosha? Yeye anasema bora aache fluoksetini apate dawa kali ya maumivu. Ninavyoelewa, fluoksetini hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuacha, na ninaogopa asije akarudi kule barazani.

Nimewaza kumwandikia dawa zake kwenye kikaratasi, awe anakipitisha dirishani kimyakimya, walio nyuma yake wasisikie. Je, muuza dawa atakielewa? Na mama nimwambieje ili akubali kukibeba?

Binti wa Tanga