Barua kwa mwanangu aliyechoka kutumaini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kazi hakuna, wakubwa hawasikii, na kuliombea taifa umeacha kwa kuwa huoni kinachobadilika. Sikwambii kwamba mambo yatatengemaa karibuni. Hanania, nabii wa uongo, alisema hivyo.

Soma Yeremia 28 kabla ya kusoma 29. Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 nira ya Babeli itavunjwa na mateka watarudi. Alikufa mwaka uleule, na mateka hawakurudi. Yeremia yeye aliwaandikia waliohamishwa: miaka 70. Ule mstari unaobandikwa kwenye vioo vya daladala, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", ni 29:11, na 29:10 ndio wenye hiyo miaka 70. Ukiunyofoa peke yake unabaki na tumaini la Hanania, lenye tarehe ya karibu. Tarehe ikipita, imani nayo inaondoka. Nadhani ndicho kilichokupata. Ulimwomba Mungu huku umeshampangia siku.

Sasa fanya hivi. Asubuhi, kabla hujawasha data, fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" mara 4. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Imani inakuja wa 5 na wa 6. Kosa la wengi kanisani ni kurukia wa 5 kwa sababu kulalamika kunaonekana ni utovu wa imani, kisha wanashangaa mbona maombi yamekuwa makavu. Chukua daftari uandike malalamiko yako kwa majina. Usiandike "hali ngumu". Andika nauli iliyopanda, ahadi iliyovunjwa na aliyeivunja, jina la mtu unayemlilia. Halafu andika ombi moja, si kumi. Siku ambayo mstari wa 5 hautoki moyoni, usijilazimishe, funga daftari uende kwenye shughuli zako. Zaburi ya 88 inaishia gizani na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Usiku kula, ulale. Nabii Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Kukesha unasoma maoni ya watu kwenye simu si kufuatilia nchi, mwanangu. Habari zipe muda wa saa moja kwa siku, nyingine ziache.

Lakini kulia peke yake hakutoshi. Katika Yeremia 32, jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa amri ya Mfalme Sedekia. Hapo ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, anamletea shamba la Anathothi amuuzie. Biashara ya kichaa. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi, anaita mashahidi, anampa Baruku, mwandishi wake, hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie kwenye chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Angalia alivyo makini na karatasi! Hakusubiri ajisikie vizuri kwanza.

Huku kwetu pia yametokea. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakawaondoa. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa hapa hapa, wakaendelea kufundisha na kusali.

Anathothi yako naiona sehemu mbili. Kwanza mtaani kwako huko Arusha: hudhuria mkutano wa mtaa, uliza mapato na matumizi kwa adabu, andika majibu na tarehe, mkutano ujao uulize tena palepale ulipoishia. Usiende peke yako. Nenda na wawili wa jumuiya ya kanisa. Ndiyo, rudi jumuiya, hata kama nusu ya muda ni michango. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe walikuwapo 7000.

Pili, kihamba, shamba letu la nyumbani. Nimetenga nafasi ya parachichi mbili za kubebesha, yaani zilizoungwa juu ya shina la mche mwingine. Mashimo yachimbwe Februari, kabla ya masika: futi 2 kwa 2, kina futi 2, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Wakati wa kupanda, kidonda cha kubebesha kibaki juu ya udongo, na machipukizi yatakayotoka chini yake yakatwe, maana hayo si parachichi tuliyonunua. Maji yasituame shinani. Ikitunzwa, inaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na haitatuomba kura.

Njoo Jumamosi na kosta ya asubuhi, ukifika stendi ya Moshi unipigie. Beba viatu vya shamba. Vile ulivyoacha huku panya wamemaliza.

Mama yako