Barua ya malalamiko: ufunguo uliovunjikia kwenye swichi ya Mercedes 240D

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Tawi la Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUTOBOLEWA KWA KITASA CHA SWICHI, KUHARIBIWA KWA MFUMO WA KUZIMA INJINI, NA MALIPO YASIYO HALALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, rangi ya maziwa, mliyoihudumia mwezi uliopita baada ya ufunguo kuvunjikia ndani ya swichi. Nimewapigia simu, nimefika kaunta, na mwisho nimejibiwa kwa WhatsApp kwamba gari la zamani hutengenezwa kwa hatari ya mteja mwenyewe. Jibu hilo silikubali, ndiyo maana nawaandikia rasmi.

Ufunguo ulikatikia kituo cha mafuta, nikiwa nimeshajaza dizeli na nataka kuwasha niondoke. Ulikatika ukiwa bado kwenye 0, yaani nafasi ya kuzima, haujazunguka hata kidogo. Hili nawaomba mlishike, kwa sababu madai yangu yote yanasimama hapo. Ufunguo usiozunguka unakuwa umekaa mahali pale pale unapoingilia na kutokea, kwa hiyo kipande kilichobaki kilikuwa kimenyooka, hakijabanwa. Tena kilionekana. Ukimulika kwa tochi ya simu ulikiona kinang'aa kwenye mdomo wa kitasa, kimetokeza kiasi cha unene wa kucha. Stelingi ilikuwa imejifunga, gari haliwezi kusukumwa likakata kona, na wenye kituo walikuwa wanataka nafasi yao. Niliwaita ninyi kwa sababu ubavuni mwa gari lenu la huduma pameandikwa kwamba mnatoa funguo zilizovunjika kwenye gari lolote, la zamani au la kisasa, bila kuharibu kitasa.

Kutoa kipande cha namna hiyo ni kazi ya utulivu, haihitaji nguvu. Fundi funguo anayejua kazi anaanza kwa kupuliza dawa kavu ya kulainisha, au unga wa grafiti. Kisha anaingiza ndoana nyembamba kwa upande wa meno ya ufunguo, anaigeuza kidogo mpaka ishike jino, halafu anavuta kwa kunyoosha, taratibu. Asipokuwa na ndoana, mafundi wa mitaani hutumia uzi wa msumeno wa sonara, na unafanya kazi. Kitu ambacho hakifanywi kabisa ni kusukuma kipande ndani, wala kumwaga gundi kwenye tundu la ufunguo.

Fundi wenu alifanya vyote viwili. Alianza na bisibisi nyembamba, akijaribu kukichokonoa kipande, nacho kikazama mpaka hakionekani tena. Kisha akapaka supagluu kwenye ncha ya nusu niliyobaki nayo mkononi, yenye kichwa, akaiingiza igande na nusu ya ndani, akangoja, akavuta. Ikatoka nusu hiyo peke yake. Gundi ikabaki kwenye kitasa, mahali ambapo kuna vipande vidogo vinavyotakiwa kupanda na kushuka kwa springi ili ufunguo uzunguke. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na mwenye heshima, na alinisikiliza kila nilipozungumza. Simlaumu yeye kama ninavyoilaumu kampuni iliyompa kazi bila kumpa zana. Nilipomuuliza iko wapi ndoana ya kutolea funguo, aliniambia gari la huduma halina, iko moja tu na inabaki karakana.

Hapo hapo nilizungumza na msimamizi wenu kwa simu. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba nyumbani Tabata ninao ufunguo wa akiba, mzima, usiotumika sana, na kwamba kipande kikishatoka ufunguo huo unatosha kumaliza shida. La pili, kwamba kitasa hiki kisitobolewe kabla ndoana haijajaribiwa. Alinijibu, "Sawa mzee, tunakileta karakana kwa ajili hiyo." Gari likapandishwa kwenye lori, mimi nikapanda daladala kwenda kuchukua ufunguo wa akiba. Nilipofika karakana nao mkononi, kitasa kilikuwa kimeshatobolewa na drili.

Nataka mwelewe kwa nini hilo limeniumiza, maana kwenye kaunta yenu niliambiwa kitasa ni kitasa. Kwenye Mercedes za kundi hili la W123, zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, silinda ya swichi inatoka bila kuharibu chochote, ilimradi ufunguo uzunguke mpaka kwenye 1, nafasi inayofuata baada ya 0. Ukishafika hapo, unaingiza waya mwembamba mgumu kwenye kitundu cha kofia ya kitasa, unaifungua kofia, silinda inakuja mkononi ikiwa nzima. Ufunguo usipofika kwenye 1, njia hiyo haipo, na hata kitasa kizima cha stelingi hakivuliki mahali pake. Mafundi wa Mercedes za zamani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana huhangaika kwanza kupata ufunguo wa kuzunguka, na drili huwa ya mwisho kabisa. Mimi nilikuwa na ufunguo huo. Ulikuwa njiani unakuja.

Isitoshe, kitasa kile kilikuwa cha kiwandani. Ufunguo mmoja ulikuwa unafungua mlango, buti na swichi. Gari hili lilinunuliwa na marehemu baba mwaka 1989, likiwa limeshatumika, na akaliendesha mpaka alipoacha kuendesha kabisa. Miaka yote hiyo hakuna kitu kwenye dashibodi kilichowahi kukatwa wala kutobolewa. Leo kuna tundu lililopanuliwa kwa drili, lenye kingo zilizochanika, na ndani yake kumechomekwa swichi ya bei rahisi ambayo si ya gari hili. Sasa natembea na funguo mbili. Mbaya zaidi, pini ya kufunga stelingi imeondolewa. Ukitoa ufunguo, usukani unazunguka kama kawaida, yaani kinga ya gari dhidi ya wizi mmeitoa na hamkuniambia. Niliigundua mwenyewe nikiwa nimeegesha Kariakoo.

Hata hivyo, la hatari kuliko yote ni injini kutozimika.

Injini ya dizeli ya aina hii ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuunguruma. Kwa hiyo kwenye 240D ufunguo hauzimi injini kwa kukata umeme. Nyuma ya kitasa kuna vali ndogo yenye mabomba mawili membamba ya plastiki, na unaporudisha ufunguo, vali hiyo hupeleka vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, kwenye pampu ya dizeli, nayo pampu hufunga mafuta. Siku mliyonikabidhi gari nilirudisha ufunguo kwenye 0, taa za dashibodi zikazima, injini ikaendelea kuunguruma. Fundi wa zamu aliniambia hiyo ni kawaida ya dizeli za zamani, nikitaka kuzima niingize gia ya nne, nikanyage breki, niachie klachi.

Ndugu Meneja, hakuna mtu wa kampuni inayojiita ya kitaalamu anayepaswa kumpa mteja ushauri huo. Kuizima injini kwa kuinyonga na gia kila siku ni kuibomoa klachi na kuitesa injini. Kwenye injini yenyewe, chini ya boneti, kuna kiwiko, yaani wenzo mdogo wa kusukuma kwa mkono, kilichoandikwa STOP, kilichowekwa kwa ajili ya dharura kama hii, na fundi wenu hakukijua. Mke wangu hulitumia gari hili kwenda sokoni na kuwachukua wajukuu. Likitokea la kutokea barabarani, moshi au ajali, anatakiwa azime injini kwa kuzungusha mkono, si kwa kushuka, kufungua boneti na kutafuta kiwiko penye moto.

Nililipeleka gari kwa fundi wangu wa siku zote, eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam. Alifungua paneli ya chini ya usukani mbele yangu. Bomba moja lilikuwa limekatika penye kiungo chake, ncha imechanika, nalo limesukumwa nyuma ya waya kana kwamba halikutakiwa kuonekana. Alipopitisha kitambaa cheupe chini ya kitasa, kilitoka na chenga za chuma za drili, nyingine zimeng'ang'ania karibu kabisa na viunganishi vya umeme vya swichi. Chenga hizo zingeweza kunipa shoti wakati wowote. Tena pampu ya vakyumu inayozima injini ndiyo hiyo hiyo inayosaidia breki kwenye gari hili, kwa hiyo kuacha bomba lake limekatika na liko wazi ni jambo lililohitaji kusemwa kwangu kabla sijatoka getini kwenu. Picha nilizopiga siku hiyo nimeziambatanisha.

Nakuja kwenye malipo. Nilitozwa Sh 680,000. Katika hizo, Sh 120,000 ni za kuvuta gari, Sh 80,000 za kutoa ufunguo uliovunjika, Sh 330,000 za kitasa kipya, na Sh 150,000 zimeandikwa "kuprogramu chipu ya ufunguo".

Gari la mwaka 1982 halina chipu kwenye ufunguo. Funguo zenye chipu zilianza kuenea kwenye magari katikati ya miaka ya 1990. Ufunguo wa gari langu ni kipande cha chuma kilichochongwa meno, basi, na hata huo mlionipa ninyi hauna kitu ndani, kwa maana fundi wa Gerezani aliufungua kichwa tukaangalia pamoja. Kwa hiyo mmenitoza Sh 150,000 kwa kazi ambayo haikufanyika na isingeweza kufanyika. Nikitazama hili naona kuna karatasi ya bei ya magari ya kisasa inayojazwa kwa kila anayeingia, awe na gari la aina gani, na nina wasiwasi kwamba si mimi peke yangu niliyelipishwa hivyo. Hizo Sh 80,000 za kutoa ufunguo nazo sizielewi, kwa kuwa ufunguo haukutolewa. Ulisagwa na drili pamoja na kitasa.

Stakabadhi niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono. Nilipodai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, niliambiwa mashine ina tatizo la mtandao na nitatumiwa. Mpaka leo sijatumiwa.

Kuhusu yale maandishi madogo nyuma ya fomu yenu, kwamba kampuni haiwajibiki kwa magari yenye umri mkubwa: fomu hiyo niliwekewa nisaini wakati wa kuchukua gari, kazi ikiwa imeshakwisha. Sikuonyeshwa fomu hiyo pale kituo cha mafuta wala wakati gari linapandishwa kwenye lori. Na hata ningeonyeshwa, umri wa gari hauhusiani na gundi iliyomwagwa kwenye kitasa, wala bomba lililokatwa na kufichwa. Uzee wa ufunguo ndio ulionifanya niwaite. Yaliyofuata baada ya hapo ni ya mikono yenu.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie Sh 150,000 za chipu na Sh 80,000 za kutoa ufunguo, bila masharti. Mgharamie kitasa halisi cha swichi kilichochongwa kufuata ufunguo wa gari hili, pamoja na kifungio chake cha stelingi. Kitasa hicho huagizwa kwa wakala kwa namba ya chasisi, na kadi ya gari ninayo tayari. Kikifika, kifungwe na fundi anayejua Mercedes za zamani, nitakayemchagua mimi na kulipwa na ninyi, pamoja na gharama ya bomba la vakyumu na usafishaji alioufanya fundi wangu, ambayo stakabadhi yake nimeiambatanisha. Nirudishiwe pia silinda mliyoitoboa na ile nusu ya ufunguo yenye kichwa, aliyobaki nayo fundi wenu. Niliambiwa vimetupwa, naomba vitafutwe, kwa sababu ni mali yangu na ni ushahidi. Na nipewe risiti ya EFD ya kiasi nilicholipa.

Jambo moja zaidi, ambalo halinihusu mimi mwenye gari lililoharibika tayari: gari lenu la huduma lipewe ndoana. Zana hiyo inakaa kwenye mfuko wa shati. Kama yule kijana angekuwa nayo pale kituo cha mafuta, kipande kikiwa bado kinaonekana, ningeondoka na kitasa changu.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na suala la risiti nitalifikisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Namba yangu ya simu mnayo kwenye kumbukumbu zenu. Gari lipo nyumbani, na mtaalamu wenu yeyote anakaribishwa kuja kulikagua siku ya kazi, baada ya kunitaarifu.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi yenu, nakala ya kadi ya gari, picha za kitasa na bomba lililokatika, na stakabadhi ya fundi wa Gerezani.

Wako mwaminifu,

(sahihi)
Mwenye Mercedes-Benz 240D
Tabata, Dar es Salaam