YAH: MALALAMIKO KUHUSU GHARAMA ZA HIFADHI KATIKA PROGRAMU YENU YA WINGU

Ofisi ya Hesabu na Mifumo,
Nungwi, Kaskazini Unguja.

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ankara yenu ya mwezi uliopita imekuja na malipo ya hifadhi ya ziada, ilhali watumiaji wetu hawajaongezeka na vyumba vya hoteli ni vile vile. Tumeichambua hifadhi jedwali kwa jedwali. Programu yenu, kwa mpangilio iliyokuja nao, inaweka faili ndani ya hifadhidata (penye majedwali ya rekodi), ambayo kwa mkataba wetu gigabaiti yake moja ni mara 20 ya bei ya gigabaiti ya hifadhi ya faili. Ni kulipia chumba cha barafu cha samaki halafu kukijaza makuti.

Kinachokula nafasi zaidi ni viambatisho vya barua pepe. Kila barua inayotoka mapokezi ina nembo ya hoteli kwenye saini, kilobaiti 150, na programu haitambui kuwa nembo ni ile ile ya jana, inaihifadhi upya. Barua 400 kwa siku ni megabaiti 60, na kwa siku 30 ni gigabaiti 1.8. Kisha kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi ya base64 (faili kuandikwa kwa herufi za kawaida) kabla ya kuingia kwenye jedwali, ambapo kila baiti 3 huwa 4, kwa hiyo 1.8 inafika 2.4. Hiyo ni nembo tu, ambayo hakuna mgeni aliyeiomba. Bado nakala za pasipoti, bado vocha za mawakala: vocha moja ikipelekwa mapokezi, jikoni na kwa dereva wa uwanja wa ndege, inahesabiwa mara tatu.

Upande wetu, saini sasa ina kiungo cha nembo badala ya picha yenyewe. Skana imeshushwa kutoka nukta 300 kwa inchi hadi 150, kwa kijivu. Pikseli zinabaki robo na namba ya pasipoti bado inasomeka. Mazingira ya majaribio, yaliyokuwa nakala kamili ya mfumo wetu na kutozwa bei ile ile, yameundwa upya kwa mipangilio pekee, bila ya rekodi.

Yaliyobaki yako mikononi mwenu. Tukifuta barua kwa mkupuo, viambatisho vyake vinabaki kwenye jedwali lao bila ya mwenyewe, na kwenye skrini hakuna pa kuviona. Kazi za mfumo zilizokwisha, yaani rekodi inayoachwa kila ukumbusho wa malipo unapotumwa, hazijifuti mpaka mtu awashe mpangilio mliouzima tangu mwanzo. Ripoti yenu ya matumizi nayo inatoa jumla moja tu, bila ya kutenganisha rekodi, faharasa (orodha za kutafutia rekodi) na viambatisho. Ushauri pekee tulioupata ni barua pepe ya kututaka tununue gigabaiti zaidi, nayo imo ndani ya hifadhidata yetu, pamoja na nembo yenu.

Tunataka viambatisho vyote vihamishiwe hifadhi ya faili. Jaribuni kwanza kwa faili chache kwenye mazingira ya majaribio, linganisheni idadi ya faili na alama ya SHA-256 (msimbo unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo) ya kila moja, ndipo mfute za asili. Baada ya kufuta, majedwali na faharasa zijengwe upya. Bila ya hivyo nafasi iliyoachwa hubaki imeshikiliwa ndani ya jedwali na ankara haishuki. Kazi ifanyike usiku, hesabu za siku zikishafungwa, na isiwe Julai wala Agosti hoteli ikiwa imejaa. Stakabadhi na ankara za kodi zisiguswe kabisa: Mamlaka ya Mapato Zanzibar ikija kukagua, wa kuulizwa ni sisi.

Malipo ya ziada yaliyotokana na viambatisho hivyo tunaomba yarejeshwe kama salio kwenye ankara ijayo.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Ikiwa uhamishaji huo hauwezekani, tupatieni data yetu yote kwa faili za CSV (majedwali ya maandishi ya kawaida), na viambatisho vikiwa katika umbo lake la asili, si base64, ili tuvipeleke kwa mtoa huduma mwengine kabla mkataba haujahuishwa.

Wenu,
Ofisi ya Hesabu na Mifumo

Kiambatanisho: mchanganuo wa hifadhi kwa kila jedwali (kilobaiti 40).