Mwache Apake Zambarau

Lindi, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku kusini. Sisi wazima, mvua zimekatika, na baba bado anakohoa ila shambani haachi kwenda. Nisalimie mama, mwambie ule mkeka wake haujasahauliwa.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nilipofika pale uliposema Rehema karudi shuleni analia, nikaiweka mezani kwanza, roho iliniuma. Mtoto wa miaka sita kapaka picha ya mnyama wake zambarau na chungwa, akatiwa kosa kwa wino mwekundu, akaambiwa wanyama wa kale walikuwa kijivu. Shoga, nani aliwaona?

Ile karatasi uliyoifungasha nimeitazama sana. Makosa yamo, lakini si ya Rehema. Ni ya huyo aliyechora mistari. Mnyama kasimamishwa kwa miguu miwili kama kuku, ngozi tupu kama ya kenge, mabawa yamechorwa kama ya popo, na mdomo umejazwa meno ilhali huyo ni Pteranodon, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni bawa lisilo na meno. Nimefundisha chekechea miaka mingi, na ninaamini kabisa kwamba mtoto akipewa mistari ya kweli, rangi ni haki yake. Basi nimekaa siku mbili na penseli nikamchorea karatasi tano. Ziko ndani ya bahasha, usizikunje tena.

Kabla hajashika kalamu za rangi, mwambie hawa si dinosaria, ingawa waliishi nao na wana undugu nao. Wala si ndege. Ni reptilia warukao, wanaitwa terosauri. Katika wanyama wenye uti wa mgongo, wao ndio waliotangulia kuruka kwa kupiga mabawa, zamani kabla ya ndege na popo, na wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Kisha mchezeshe hivi. Anyooshe mkono, ahesabu vidole kuanzia dole gumba. Cha nne, cha pete, ndicho kilichokuwa bawa. Afikirie kidole hicho kinarefuka, kinarefuka, mpaka kinapita urefu wa mwili, halafu utando wa ngozi unatandazwa kutoka nchani mwake hadi ubavuni na mguuni. Vidole vitatu vya mwanzo vilibaki vidogo, vyenye kucha, pale katikati ya ukingo wa bawa. Kidole cha mwisho hakikuwapo kabisa. Popo yeye utando wake umeshikwa na vidole vinne, kama mwavuli na njiti zake. Darasani kwangu nikishaeleza hivi, watoto hutembea na kidole cha pete juu siku nzima.

Karatasi ya kwanza ni Pteranodon, safari hii bila meno. Mifupa yake imepatikana kwa wingi Kansas, Marekani, mahali ambapo zamani palikuwa bahari. Madume walikuwa wakubwa, wenye kishungi kirefu kichwani, na majike wadogo, wenye kishungi kifupi. Nimewachora wote wawili.

Ya pili ni Quetzalcoatlus. Mwaka 1971 mwanafunzi mmoja, Douglas Lawson, aliokota mifupa ya bawa lake Texas, na watu wakaduwaa. Mabawa yakikunjuliwa yalifika kama mita kumi kutoka ncha hadi ncha. Hiyo karatasi haiwezi kuionyesha, kwa hiyo nakuomba upime kamba ya mita kumi uwanjani, Rehema na wenzake wajipange juu yake. Wanangu wa darasani walijipanga, mikono wameitanua, na kamba ikawa bado ndefu. Nimemchora anatembea kwa miguu minne, mabawa kayakunja, kwa kuwa nyayo zilizogandia kwenye miamba zinaonyesha ndivyo terosauri walivyotembea. Shingo ndefu, kimo karibu na cha twiga.

Ya tatu ni Pterodaustro wa Argentina. Taya lake la chini lina meno membamba kama nywele za brashi, mamia kwa mamia, ya kuchujia vijidudu vya majini. Mwonyeshe picha ya heroe wa Ziwa Natron wakiwa wameinamisha vichwa, ataelewa mara moja. Wachoraji wengine humpaka waridi kwa sababu hiyo. Rehema akitaka kijani, kijani.

Ya nne ndiyo ningependa yule aliyetia wino mwekundu aione. Ni Tupandactylus wa Brazil, mwenye kishungi kikubwa kama tanga la dau. Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba kwenye kisukuku cha kichwa chake, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, walikuta manyoya, na ndani ya manyoya na ngozi vifuko vidogo sana vya rangi, vya aina ile ile inayoonekana kwa hadubini katika manyoya ya ndege wa leo. Na vifuko hivyo vilitofautiana umbo kutoka sehemu moja hadi nyingine. Maana yake huyu mnyama hakuwa wa rangi moja! Ni rangi zipi hasa, mwamba haukusema. Miili ya terosauri ilifunikwa na manyoya mafupi, hivyo mfundishe kupaka kwa vistari vidogo vidogo vinavyoelekea mkiani, bila kufunika eneo lote kwa mkupuo. Kwenye utando wa bawa ndipo apake laini.

Ya tano nimeichora kwa moyo wangu wote, kwa kuwa ni ya huku kwetu. Unakijua kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wa wachimbaji, na wapagazi wakabeba mifupa vichwani hadi bandarini hapa Lindi. Lile dinosaria refu la makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, lilitoka humo. Watu huliimba hilo tu. Lakini ndani ya mawe hayo hayo, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, kulikuwa na kipande kidogo cha taya chenye meno, na mwaka 1999 mwenyewe akapewa jina: Tendaguripterus. Terosauri wa Lindi, Mwanahawa! Watoto wa hapa wengi hawajawahi kumsikia, nami nimeanza kuwaambia.

Kwa kuwa kinachojulikana kuwa chake ni hicho kipande cha taya, kwenye karatasi yake nimechora taya peke yake. Sehemu nyingine yote ni nyeupe. Mwambie Rehema shangazi Somoe anamwomba amalizie mnyama mwenyewe, akumbuke kidole cha nne, kisha ampake anavyotaka. Nirudishie hiyo moja, nimeshamtengea nafasi ukutani, juu ya ubao.

Wasalaam,
Somoe