Nenda Micheweni, mdogo wangu

Muscat, Ijumaa usiku

Mama, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi huku sijambo, hofu ni juu yenu mlio mbali. Joto limeanza kukaza, saa nne ya asubuhi huthubutu kukanyaga kibarazani miguu mitupu. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua nilimpa mwenzangu wa Fuoni aliyekuja likizo. Kama bado hajaileta mpigie simu, asije akaimaliza kwa kujichua mwenyewe.

Uliniambia nimwandikie mdogo wangu kwa kuwa wewe maneno yamekuishia. Nimeandika barua kwa makusudi. Sauti za WhatsApp anazisikiliza nusu, akishajua anasemwa anaruka mbele. Msome pamoja, sina siri.

Mdogo wangu, hujambo? Mama kanieleza yote. Barua ya ajira imetoka, skuli iko Micheweni huko Pemba, na wewe hadi leo hujaenda kuripoti kwa sababu unangoja Mungu akuoneshe. Na yule mhubiri wa kwenye simu kakutabiria kuwa mlango wako hauko Pemba, uko Marekani, ila umefungwa, na wa kuufungua ni yeye ukimtumia sadaka ya kufungulia njia. Umeshatuma mara moja, na sasa anasema haikutosha.

Naanza na hilo la sadaka kwa kuwa ndilo jepesi. Fungua Matendo 8. Simoni wa Samaria aliwatolea mitume fedha ili naye apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono wapokee Roho. Petro hakumung'unya maneno: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Basi. Sadaka ya kanisani kwetu Mkunazini toa, mgonjwa akihitaji mchangie, lakini Mungu hana wakala wa kukata tiketi. Hapo nimemaliza, na jina lake usinitajie.

Hili la kungoja ishara ndilo zito, na sikuoni mjinga kwa kuwa nalo. Tumelelewa hivyo. Mtu akitaka kuoa anasema ngoja niombe, akitaka kuhama anasema ngoja niombe, na kuomba ni kuzuri. Ila mara nyingine tunaloomba ni Mungu atuoneshe safari yote mpaka mwisho wake, ili tusihitaji kumtegemea tena huko mbele. Mithali 3 unaijua kwa moyo tangu Sunday school: "Katika njia zako zote mkiri yeye, naye atayanyosha mapito yako." Mapito ya nani yatanyoshwa, kama mwenyewe amekaa kitandani na simu mkononi?

Mtazame Paulo kwenye Matendo 16. Alitaka kuhubiri Asia, akazuiwa. Akajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hakumruhusu. Hatuambiwi alizuiwaje, kama ni ugonjwa, au vurugu njiani, au nini. Tunaloambiwa ni kwamba aliendelea kutembea mpaka Troa, na huko ndiko alikoota usiku mtu wa Makedonia akimwita. Maono yalimkuta safarini. Halafu angalia kilichofuata, maana wahubiri wengi wanaishia kwenye ndoto. Alifika Filipi, akapigwa fimbo, akatiwa gerezani, miguu kwenye mkatale. Na alikuwa ameongozwa sawasawa! Kwa hiyo ukifika Micheweni ukakuta nyumba ya walimu inavuja na maji ya kuchota mbali, usinipigie simu kuniambia kumbe haikuwa mapenzi ya Mungu.

Mama anasema unalia kwamba kupelekwa Pemba ni kutupwa. Wewe uliyekuwa ukihesabu nguzo zilizogeuzwa juu chini wakati padri anahubiri, hebu kumbuka kanisa lile lilifikaje pale. Wamisheni wa UMCA, wale Waanglikana wa Uingereza, hawakuwa na habari na Unguja. Walikuwa wameitikia wito alioutoa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, wakaenda na Askofu Mackenzie mwaka 1861 kwenye nyanda za mto Shire, Malawi ya leo. Mwaka uliofuata askofu alikufa kwa homa, baadhi ya wenzake nao wakafa mmoja mmoja. Askofu Tozer aliyemfuata akaamua waondoke huko kabisa, na mwaka 1864 akateremka Unguja pamoja na Edward Steere. Wapo waliomlaumu Uingereza, wakaona kakimbia. Unguja ilikuwa ni mahali pa kurudi nyuma, kama unavyoiona wewe Micheweni. Sultan Majid akawakabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, na kwa watoto hao watano skuli ikaanza. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa utotoni, akawekewa mikono kuwa padri. Soko la watumwa likafungwa mwaka 1873, na juu ya ardhi ileile likajengwa kanisa tulilobatiziwa. Steere akakaa akajifunza Kiunguja kwa watu wa mji, akaandika sarufi, akatafsiri Maandiko. Tozer angengoja ishara ya kurudi Shire, sijui haya yangetokea lini.

Lakini hapa nataka twende taratibu, kwa sababu watu wanayasema haya vibaya. Nimemsikia mtu akidai kwa mdomo wake kwamba utumwa ulikuwa mpango wa Mungu ili sisi tupate dini. Sikubali. Bibi yake babu aliteremshwa kutoka jahazini akiwa mtoto, akalelewa Mbweni na wamisheni, na mpaka anakufa alichokumbuka cha kwao ni ziwa tu. Hakukumbuka hata jina alilopewa na mama yake. Mwambie yeye ulikuwa mpango mwema! Yusufu aliwaambia ndugu zake waliomuuza: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Neno mabaya hakulifuta. Walitenda uovu, wakabaki na uovu wao. Mungu hakuuanzisha, ila haukumshinda. Kutumaini maongozi ya Mungu kwangu mimi ni huko, kuamini kuwa hakuna ubaya utakaomfikisha mahali akakosa la kufanya.

Sasa lile usilomwambia mama. Wewe unaogopa boti.

Nalijua kwa sababu Septemba ile ya 2011 ulikuwa mdogo, ukilala na mimi, na Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba hukulala siku nyingi. Jumapili iliyofuata jirani yetu mmoja alisimama kutoa ushuhuda: alikuwa asafiri na meli ileile, gari ya abiria ikamharibikia njiani, akaikosa, Mungu kamwokoa. Watu wakapiga makofi. Na wewe ukamuuliza mama, mbele ya watu, kwa nini Mungu hakuwaharibia gari na wale wengine. Ukanyamazishwa.

Hukustahili kunyamazishwa. Yesu mwenyewe aliletewa habari kama hizo, akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, Luka 13: mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu? Akajibu, sivyo. Hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia wao. Sababu za Mungu hakutupa, ila alitukataza kuwapimia waliokufa dhambi zao, na mimi naona alitukataza pia kujipimia haki yetu kwa kuwa tulisalimika. Jirani ana haki ya kushukuru. Hana haki ya kugeuza gari bovu kuwa cheti cha kupendwa zaidi. Na meli ile ilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Hiyo ilikuwa kazi ya binadamu, tusimsingizie Mungu.

Kwa hiyo sikuahidi kwamba ukisali boti haitayumba. Aliyemnong'oneza Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka alikuwa Ibilisi, tena kwa Zaburi ya 91. Panda boti ya asubuhi, kaa karibu na mlango, ulizia boya la kujiokolea liko wapi, na ukiona imejaa kupita kiasi shuka, hata kama nauli imeshalipwa. Kisha sali ulale.

Mimi huku nilikuja kwa mkataba, wala sikuitwa na ndoto. Nyumba ya kwanza walinifungia pasipoti kabatini na mshahara ukawa unakuja wanapojisikia. Nilisali sana, na nakwambia ukweli, sikuona mbingu ikifunguka. Nilichopata ni nguvu ya kuamka kesho yake. Mkataba ulipokuwa unakaribia kwisha, nilikuwa zahanati kwenye foleni nikiongea na mama kwenye simu, mwanamke mmoja wa Kimanga akanigeukia akaniuliza, "Wewe wa Unguja au wa Pemba?" Mama yake kazaliwa Wete, wakahamia huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na alikuwa akitafuta mtu wa kumtunza anayejua Kiswahili, kwa sababu bibi kazeeka na Kiarabu kimeanza kumtoka. Ndiye ninayekaa naye. Nikitazama nyuma naona mkono. Siku yenyewe nilichokiona ni foleni.

Ibada zetu huku ni Ijumaa, ndiyo siku ya mapumziko. Tunakutana Ruwi, kwenye kiwanja cha makanisa kilichotolewa na Sultan Qaboos, Wahindi, Wafilipino, Wakenya, kila mtu na lugha yake, ukitoka kwenye ibada moja nyingine inaingia. Bibi ndiye anayenikumbusha. Leo asubuhi alikuwa na sinia mapajani anachambua karafuu alizoletewa na mpwa wake, anatoa makonyo kwa ukucha wa kidole gumba, hata hatazami, akaniambia, "Hujenda kwenu kusali? Enda, mimi n'na Mola wangu hapa." Nilipomsimulia habari zako alicheka kwanza. Kisha akauliza kama ni kweli Micheweni wanalima mwani. Nikamwambia wanalima. Akasema, "Basi mwambie ende. Micheweni kuna watu."

Nami naongeza: kuna watoto darasani wasio na mwalimu wa hesabu, na wewe umesomea hesabu. Ulitaka ishara gani nyingine? Wete kanisa lipo, gari zipo, utasali. Jirani zako watakuwa Waislamu kama walivyo jirani zetu hapo Mkunazini, waliotupikia siku tatu alipofariki baba. Na kama Marekani imo kwenye safari yako, Mungu hatashindwa kukupata ukiwa Pemba.

Mama, nawe punguza kumsema. Akiaga, usilie bandarini mbele yake. Lia ukirudi nyumbani.

Pesa nimetuma jana kwenye simu yako, si kwenye yake, nisamehe mdogo wangu. Ndani yake kuna nauli ya boti mpaka Mkoani, godoro, chandarua na jiko la gesi dogo. Godoro usinunue Unguja, mzigo utakusumbua. Nunua Chake Chake unapopita. Kinachobaki ni cha mama na goti lake. Shangazi msalimie, mwambie vitenge nimeviona ila bei bado nazungumza. Mjomba naye, na wote wanaoniuliza.

Nijibuni mkishajua siku ya boti.

Wenu awapendaye,
Dada