KUH: MALALAMIKO YA MENEJA WENU KUTIA KIJIKO KWENYE CHAKULA CHANGU

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Mombasa.

Bwana Meneja Mkuu,

Salamu. Naandika kwa sababu simu nimepiga mara nne na kila mara naambiwa "utapigiwa". Hajapiga mtu. Leo ni siku ya kumi.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi sili nyama. Jumamosi usiku, tawi lenu la Nyali, meza nambari 9, meneja wa zamu alichukua kijiko, akakitia kwenye bakuli langu la maharagwe ya nazi, akaopoa kipande cha nyama ya mbuzi, akakiweka kwenye kisahani mbele yangu na kusema, "Haya mama, sasa ni mboga."

Meza ya jirani wakacheka. Mimi machozi yakanilenga mbele ya mamangu mzazi.

Maana ya lile jani la kijani kwenye menyu mnaijua, mmeichapisha wenyewe chini ya ukurasa wa mwisho: hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa. Vyakula vyenye jani hilo ni vitatu tu, maharagwe ya nazi, chipsi na kachumbari. Sikulalamikia uchache wake. Nimeshazoea kwenda na wenzangu mahali, wao wakachagua kurasa nne, mimi nikachagua mistari mitatu. Na bado Alhamisi, nilipopiga simu kuweka meza ya watu sita, nilimuuliza binti aliyepokea maharagwe yanapikwaje. Akaenda jikoni, akarudi, akaniambia ni tui, kitunguu, nyanya na dania, basi. Nikamshukuru kwa moyo mkunjufu, nikamwambia mama kwamba safari hii tumepata mahali.

Sikuomba kupikiwa chakula kipya, Bwana Meneja. Niliomba kuambiwa kweli.

Na msiniambie kwamba Mombasa hakuna mazoea haya ya kula bila nyama. Huu ni mji wa mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, viazi karai na bhajia za kunde. Hekalu la Wajaini, watu wa dini yenye asili ya India wasiokula nyama, liko pale Mji wa Kale, na hao hata kitunguu wengi wao hawali, na wameishi na kula katika mji huu vizazi na vizazi. Mama ninayenunua kwake mahamri asubuhi, aliyekaa na karai lake barazani, hana menyu wala jani la kijani. Lakini siku akikandia unga kwa maziwa huniona kwa mbali akanipungia mkono: "Leo usichukue, nimetia maziwa." Anapoteza shilingi zake ili asinidanganye. Nyinyi mmenitoza 450 kwa bakuli moja.

Yule kijana aliyetuhudumia (naomba asiadhibiwe, ndiye pekee aliyeona haya) aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tukilipa kwamba mpishi huongeza supu ya mbuzi iliyobaki ili maharagwe yapate ladha. Kwa hivyo hata hilo bakuli "lililosafishwa" lilikuwa ni nyama tangu juu hadi chini. Supu haiopolewi kwa kijiko. Chipsi nazo nilipouliza, nikajibiwa na meneja huyo huyo kwamba zinakaangwa kwenye mafuta ya samaki wa kukaanga, "mafuta ni mafuta tu". Basi kati ya vile vitatu kimebaki kachumbari.

Naomba nirudie ile habari ya kijiko, kwa sababu nahofia mtaisoma haraka na kuiona ndogo. Nilikuwa nimeshakula vijiko vitatu. Cha nne nikahisi kitu kigumu, nikakitazama: kipande kama kidole gumba, kina mfupa wa ubavu na mafuta meupe yaliyoanza kuganda. Nikakirudisha polepole, nikamwita kijana, kijana akamwita meneja. Hakuniamkia. Hakuuliza nimekula kiasi gani. Alinyoosha mkono meza ya jirani ambako walikuwa wamemaliza, akachukua kijiko kilichotumika, kina punje za wali za mtu mwingine, akanipitishia mkono mbele ya uso akakitia kwenye chakula changu. Akaopoa. Akakiinua kidogo, kama anayewaonyesha watu. "Haya mama, sasa ni mboga." Kile kisahani kilibaki mbele yangu mpaka tunaondoka, hakuna aliyekiondoa.

Mimi ni Muislamu na najua tofauti ya haramu na kile ninachokiacha kwa hiari yangu. Sivilinganishi. Lakini nawauliza: ingekuwa ni nguruwe kwenye mchuzi wa Muislamu, yule bwana angethubutu kuopoa kwa kijiko na kusema sasa ni halali? Asingethubutu, kwa sababu anajua wa kumheshimu na wa kumcheka. Kwa nini sili nyama si swali lenu. Nilisema sili.

Usiku ule ulikuwa wa kumuaga mdogo wangu. Jumatatu yake amepanda ndege kwenda kazini Doha, mkataba wa miaka miwili. Mama, kwa aibu ya kuangaliwa na watu, alinishika goti chini ya meza akaninong'oneza, "Kula tu mwanangu, usituharibie usiku wa nduguyo." Mamangu, ambaye nyumbani hunipikia kunde zangu katika sufuria yake ya pekee. Hilo ndilo mlilonifanyia: mmemfanya mamangu anione mimi ndiye mkorofi.

Nilipokaa kuandika nilitaka mambo mawili tu, msamaha wa maandishi na 450 zangu. Nimefika hapa naona hayatoshi. Nataka bili nzima ya meza nambari 9, shilingi 9,300, irudishwe kwa nambari ya M-Pesa niliyolipia; risiti nimeiambatisha. Nataka meneja yule ampigie mamangu simu, si mimi, mamangu, amwombe radhi. Na lile jani liondolewe kwenye menyu za matawi yenu yote mpaka siku mpishi atakapoweza kuapa ni nini kilichomo sufuriani. Kama ni kachumbari peke yake, andikeni kachumbari peke yake.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupewa taarifa anazohitaji kuhusu anachonunua, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe bila wakili. Nitajisimamia. Afisa wa afya ya umma wa kaunti naye atapata nakala, aangalie habari ya vijiko vilivyotumika kuingia kwenye bakuli za wateja.

Nilikuwa nimeandika hapa siku 14 za kunijibu. Nimezikata ziwe 7, kwa kuwa 10 mmeshazitumia.

Wenu kwa heshima,

Mteja wa meza nambari 9,
Tudor, Mombasa.