Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tumeacha ncha, tumegeukia mkono

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita niliwaahidi ncha kali zaidi kwa hadubini yetu ya nguvu ya atomi. Sikuitimiza ahadi hiyo, na lawama ni yangu, si ya mafundi.

Hadubini ya nguvu ya atomi, waliyoibuni Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber mwaka 1986, haitazami bali hupapasa. Ncha ya silikoni hupita juu ya sampuli, mkono unaoibeba (kijiti chembamba) ukipinda, na leza husoma mpindo huo. Kunoa ncha tumekwishakuzoea: silikoni huoksidishwa (huunganishwa na oksijeni) kwenye joto kali, oksidi huota kwa shida pale kileleni, na ikiondolewa kwa asidi hubaki ncha yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 au pungufu. Ila wenzetu wa baiolojia waliturudishia picha za seli zilizobonyezwa. Ncha kali juu ya mkono mgumu ni mkuki tu.

Basi tukarudi kwenye hesabu. Ukipunguza unene wa mkono kwa nusu, ugumu wake unashuka mara nane. Ukifupisha urefu kwa nusu, unapanda mara nane. Fanya yote mawili pamoja: ugumu unabaki uleule, lakini kasi ya mtetemo wake wa asili inakuwa maradufu. Mkono mfupi na mwembamba, kwa hiyo, ni mpole na mwepesi kwa wakati mmoja. Njia hii si mpya. Mwaka 2010 kundi la Toshio Ando, Japani, lilionyesha protini ya mayosini ikitembea hatua kwa hatua juu ya uzi wa aktini, kwa mikono isiyofika urefu wa mikromita 10. Yao ilikuwa ya nitridi ya silikoni. Sisi tumeng'ang'ania silikoni yenyewe, na wapo wanaoniona mkaidi.

Fungu la kwanza la mikono yetu mifupi lilitupotea lote. Tuliikausha mikono hewani, maji yakaivuta chini na kuigandisha kwenye kitako. Sasa tunakausha kwa kaboni dioksaidi yenye shinikizo kubwa, na fungu la pili limesimama vizuri.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Limebaki tatizo moja: doa la leza ya hadubini yetu ni pana kuliko mkono wenyewe, hivyo nusu ya mwanga inapotea pembeni. Mwanachama mwenye lenzi ya kulibana doa hilo tafadhali anione kabla ya kikao kufungwa.